Manifoldi ya kuingiza hewa kwa injini ya turbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hunifikia kutoka kwa wenye Mark II, Chaser, Impreza na Forester, wengi wao wakiwa wameshaona picha ya manifoldi inayong'aa na wameshaipenda kabla hawajauliza. Nimeyajibu kwa kutumia injini mbili ninazozijua zaidi na ambazo zimejaa barabarani kwetu: 1JZ-GTE ya Toyota, na EJ20 ya Subaru yenye turbo. Kanuni zake zinafaa kwa injini nyingine pia. Nikisema manifoldi, nazungumzia ile ya kuingiza hewa, si ya eksozi. Chemba ni lile tumbo linalopokea hewa kutoka kwenye throtoli, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali. Mirija ni njia zinazotoka kwenye chemba kwenda kwenye kila silinda.

Turbo inasukuma hewa kwa nguvu. Umbo la manifoldi lina maana gani tena?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu, na dhana iliyo nyuma yake ndiyo inayoharibu injini nyingi. Turbo huongeza presha ndani ya chemba, lakini haiamui hewa hiyo igawanywe vipi kati ya silinda moja na nyingine. Wala haifuti mawimbi yanayokimbia ndani ya mirija.

Valvu ya kuingiza inapofunguka na pistoni ikashuka, wimbi la presha ndogo hupanda mrija kuelekea kwenye chemba. Likifika kwenye mdomo wa mrija hugeuka na kurudi likiwa wimbi la presha kubwa. Likiwahi valvu kabla haijafungwa, linasukumia hewa ya ziada ndani ya silinda. Likichelewa au likitangulia, faida hiyo unaikosa. Sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde katika hewa ya joto la kawaida. Mrija wa sentimita 35 unalifanya wimbi liende na kurudi kwa takriban milisekunde 2. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, krankshafti (mhimili mkuu wa injini) inageuka digrii 36 kila milisekunde, kwa hiyo safari ile ni kama digrii 73 za kranki. Ukiukata mrija ukawa sentimita 18, safari inashuka hadi digrii 38 hivi, na wakati mzuri wa wimbi kurudi unahamia kwenye mizunguko ya juu zaidi. Turbo au bila turbo, hesabu hii ipo. Busti, yaani presha inayoongezwa na turbo, inakuja juu yake.

Je, ninaihitaji kweli?

Kwa wengi wanaoniuliza, hapana. Manifoldi ya kiwandani kwenye 1JZ-GTE na EJ20 ilibuniwa na watu waliokuwa na vifaa vya kupima mtiririko wa hewa, na inagawanya hewa vizuri kwa nguvu ambayo wengi wetu tunaitafuta. 1JZ-GTE ilitoka kiwandani ikitangazwa kuwa na nguvu za farasi (PS) 280. Kama unataka kupanda kidogo juu ya hapo, pesa yako ina kazi nyingine kwanza: plagi na koili nzima, pampu ya petroli yenye uwezo, intakula nzuri (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), eksozi isiyobana, na kutuni (kupanga upya petroli na cheche kwenye kompyuta ya injini) kwa mtu anayeelewa.

Manifoldi mpya inaanza kuwa na sababu pale ambapo turbo kubwa imeshafungwa na injini inazunguka juu kwa muda mrefu, au hedi (kichwa cha injini chenye valvu) imeshapanuliwa njia zake, au mpangilio wa mabomba ya intakula hauwezekani kwa ile ya zamani. Sababu nyingine, ya kawaida sana hapa kwetu, ni injini iliyonunuliwa ya mtumba ikaja na manifoldi iliyopasuka au iliyokatwa matundu. Hiyo ya mwisho mara nyingi hutibika kwa kutafuta manifoldi nyingine ya kiwandani iliyo nzima, na hakuna aibu ndani yake.

Nichague mirija mirefu au mifupi?

Jiulize injini yako inaishi wapi. Si wapi unatamani iishi. Mtu anayepanda mlima wa Kitonga, au anayejikokota kwenye foleni ya Thika Road akisubiri nafasi ya kupita, anatumia mizunguko kati ya 2,000 na 4,500 karibu muda wote. Mirija mirefu inamsaidia hapo, na inasaidia turbo iamke mapema kwa sababu injini yenyewe inatoa gesi nyingi ya eksozi mapema. Mirija mifupi humfaa anayeshikilia injini juu ya 6,000, yaani kwenye mashindano ya kukimbia umbali mfupi, au kwenye uwanja wa mbio.

1JZ ina urefu wa mwendo wa pistoni wa milimita 71.5 tu kwa kipenyo cha milimita 86. Ni injini inayopenda kuzunguka, na chini yake ni dhaifu kuliko 2JZ, injini nyingine ya Toyota, ambayo mwendo wake ni milimita 86. Ukiichukua 1JZ, ukaifunga turbo kubwa na manifoldi ya mirija mifupi pamoja, utapata gari zito na la uvivu mpaka mizunguko ifike 4,500, halafu linalipuka ghafla. Kuna wanaolipenda hilo. Mimi nimeona wengi wakilichoka ndani ya miezi michache, hasa wale ambao gari ndilo la kwenda kazini.

Chemba iwe kubwa kiasi gani?

Mafundi wengi huanzia kwenye ujazo unaolingana na injini yenyewe hadi mara moja na nusu yake, na kwa injini za mashindano hupanda hadi karibu mara mbili. Kwa injini ya lita 2.5, hiyo ni lita 2.5 hadi karibu lita 4 kwa matumizi ya barabarani. Chemba ndogo mno inafanya silinda moja ihisi mvuto wa jirani yake. Chemba kubwa mno inachukua muda kidogo zaidi kujaa presha kila unapokanyaga, na sailensi ya gari (mzunguko wa injini bila kukanyaga pedali) inaweza kuyumba.

Muuzaji ambaye hawezi kukuambia ujazo wa chemba yake, upime mwenyewe. Ziba matundu kwa mkanda, jaza maji, yamimine kwenye chombo chenye vipimo. Ni dakika kumi.

Kwa nini watu wanasema silinda ya sita ndiyo hufa kwanza?

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndilo jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue kabla ya kutoa pesa.

Chukua manifoldi yenye throtoli mbele, chemba ndefu ya mraba, na mirija sita iliyopangwa mstari mmoja. Hewa inaingia kwa kasi kutoka mbele. Ina uzito, na kitu chenye uzito kikiwa kwenye mwendo hakipendi kukata kona. Inaupita mdomo wa mrija wa kwanza na wa pili, inakimbia mpaka ukuta wa nyuma, inagonga hapo na kujazana. Silinda ya sita, iliyo karibu na ukuta wa chumba cha abiria, inapata hewa nyingi kuliko ya kwanza.

Sasa injekta zote sita zinapewa kiasi kilekile cha petroli, kilichokadiriwa kwa wastani wa injini nzima. Sensa ya oksijeni kwenye eksozi nayo inasoma mchanganyiko wa silinda zote. Kwa hiyo daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) inaonyesha namba safi, kompyuta inaonyesha namba safi, na wakati huohuo silinda ya sita ina hewa nyingi kwa petroli kidogo, inapata joto, inaanza kugonga, yaani mchanganyiko unalipuka ovyo ndani ya silinda. Niliwahi kufungua 1JZ ambayo pistoni tano zilikuwa kama zimetoka dukani na ya sita imeliwa ukingoni kama sabuni. Mwenye gari alikuwa na karatasi ya daino iliyomridhisha kabisa. Manifoldi yake ilikuwa boksi la mraba lisilo na chochote ndani.

Dawa zake zinajulikana. Chemba nzuri inapungua upana kadiri inavyokwenda nyuma, ili hewa isipate pa kujazana. Njia kati ya throtoli na mrija wa kwanza inapanuka polepole, ili kasi ipungue kabla hewa haijaanza kugawanywa. Midomo ya mirija ndani ya chemba imeviringwa kama tarumbeta, na imeingia ndani kidogo badala ya kuwa tundu lenye kingo kali ukutani. Wengine huweka chemba mbili, moja ndani ya nyingine, zikitenganishwa na upenyo mwembamba unaosawazisha hewa kwa urefu wote.

Usiponunua kingine, nunua chemba inayogawanya hewa sawa. Mng'aro hautakusaidia.

Nitajuaje kama yangu inagawanya hewa vibaya, na imeshafungwa?

Anza na plagi. Endesha gari kwa nguvu kwenye gia ya kati mahali salama, zima injini bila kuiacha isailensi, ipoe, toa plagi zote na uzipange kwa namba. Rangi zikitofautiana sana, hasa ya mwisho ikiwa nyeupe na zingine kahawia, unalo tatizo. Njia bora zaidi ni kufunga sensa ya joto la eksozi kwenye kila mdomo wa manifoldi ya eksozi na kulinganisha. Kompyuta za kisasa za kutuni zinaruhusu kuongeza petroli kwa silinda moja moja, na fundi mzuri atatumia nafasi hiyo kuilinda ile yenye hewa nyingi. Ni kiraka, lakini ni kiraka kinachookoa pistoni.

Kwenye Subaru je? Hakuna silinda ya sita.

Injini ya EJ ni bapa, silinda mbili kila upande, na manifoldi imekaa juu katikati. Umbali wa hewa kwenda kila silinda unakaribiana, kwa hiyo tatizo la mgawanyo ni dogo kuliko kwenye injini ndefu ya mstari. Mambo ya kuangalia ni mengine.

La kwanza, baadhi ya EJ20 zina vipepeo vidogo ndani ya mirija karibu na hedi, vinavyojifunga injini ikiwa baridi ili hewa iingie ikizunguka na moshi uwe safi. Wengi huvitoa na kuweka vipande visivyo na vipepeo. Faida ipo juu kwenye nguvu kubwa, lakini kompyuta isiporekebishwa itawasha taa ya injini, na asubuhi ya baridi ya Limuru au Njombe gari litatetemeka. Ukivitoa, hakikisha vishimo vya mihimili yake vimezibwa vizuri, maana ndipo hewa inapovuja.

La pili, baadhi ya EJ zinatumia injekta zinazolishwa petroli pembeni, nyingine juu. Manifoldi na reli ya petroli lazima vilingane na aina yako. Watu hununua kwanza na kugundua baadaye.

La tatu, kugeuza manifoldi ili throtoli itazame mbele. Kiwandani throtoli inaungana na intakula iliyo juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Ukihamishia intakula mbele ya rejeta, bomba linalorudi huwa refu na lenye kona nyingi. Manifoldi iliyogeuzwa inafupisha njia hiyo. Ni mabadiliko yenye maana kwa turbo kubwa. Kwa gari la kawaida la familia lenye turbo ya kiwandani, ile intakula ya juu ikisafishwa na uvujaji wa mabomba yake ukazibwa inatosha.

Manifoldi ya 1JZ na 2JZ zinaingiliana?

Usinunue kwa imani hiyo. Njia za hewa kwenye hedi hazilingani, na hata ndani ya 1JZ-GTE yenyewe kuna mbili: ile ya zamani yenye turbo mbili iliyoanza 1990, na ile ya VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu) yenye turbo moja iliyoanza 1996. Wauzaji makini huziorodhesha kando kando. Piga picha hedi yako wazi, chukua gasketi yako, nenda nayo dukani, iweke juu ya flanji (uso bapa wa manifoldi unaofungwa kwenye hedi). Tundu kwa tundu, bolti kwa bolti. Kama fundi anakuambia "tutapanua kidogo mashimo ya bolti", rudisha manifoldi kwenye boksi lake.

Throtoli ya milimita 90 itanipa nguvu zaidi ya ile ya 60?

Eneo la tundu linaongezeka kwa mraba wa kipenyo. Kutoka milimita 60 kwenda 70 umeongeza eneo kwa asilimia 36. Kutoka 60 kwenda 90 umelizidisha mara 2.25. Ukikanyaga robo ya pedali kwenye throtoli ya 90, gari linaruka kama umekanyaga nusu, na kuliendesha polepole mjini kunakuwa adha. Nguvu ya ziada itaonekana tu kama ile ya zamani ilikuwa inabana, na njia ya kujua ni rahisi: pima presha kabla na baada ya throtoli ukiwa umekanyaga hadi mwisho. Tofauti ikiwa ndogo sana, throtoli yako haina kosa.

Kumbuka pia kuna throtoli za kebo na za umeme. Ya umeme inahitaji kompyuta inayoielewa. Usichanganye bila kumuuliza atakayetuni.

Ya kusubu au ya kuchomelea bati? Na je, fundi wa hapa anaweza kunitengenezea?

Zote mbili zinaweza kuwa nzuri. Ya kusubu inakuja na maumbo ya mviringo ambayo ni magumu kuyapata kwa bati, na haina mishono. Ya bati la aluminiamu inaweza kutengenezwa kwa ajili ya gari lako hasa.

Fundi wa hapa anaweza, na nimeona kazi nzuri sana kutoka karakana ndogo zenye mashine ya kuchomelea kwa argoni. Lakini mpe hesabu hii kabla hajaanza. Upande mmoja wa chemba wenye urefu wa sentimita 50 na upana wa 12 una eneo la sentimita za mraba 600. Busti ya bar 1 inausukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 610. Kwa bar 1.5 ni zaidi ya kilo 900. Nguvu hiyo inakuja na kuondoka kila unapokanyaga na kuachia, maelfu ya mara, juu ya injini inayotetemeka na kupata joto. Bati la bapa na jembamba litapumua kama tumbo la chura mpaka mshono upasuke. Umbo la mviringo linastahimili zaidi kwa unene uleule.

Na flanji isiwe nyembamba. Milimita 10 hadi 12 ndiyo ninayoikubali. Joto la kuchomelea huipinda hata ikiwa nene, kwa hiyo baada ya kuchomelea lazima iende kwenye mashine ikasawazishwe uso. Fundi anayetaka kuifunga kwa kujaza silikoni anakuachia wewe tatizo lake. Silikoni iliyokauka hubanduka, na iliyobanduka upande wa ndani inaenda kwenye valvu.

Nakuta manifoldi zinazofanana kabisa na za kampuni kubwa, kwa bei ndogo sana. Nitatofautishaje nzuri na mbaya?

Zimejaa, kuanzia Kirinyaga Road hadi Kariakoo. Si zote ni mbaya, na siwezi kumlaumu mtu kwa kutafuta unafuu. Ila ikague mkononi, usiikague kwenye picha.

Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya flanji na ujaribu kupitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia upenyo) chini yake kwa urefu wote. Ingiza kidole ndani ya kila mrija: mshono uliojitokeza ndani, au chembe zinazokwaruza, au mchanga wa kusubia uliobaki kwenye kona, vyote ni alama mbaya. Chungulia kwa tochi kutoka kwenye throtoli uone midomo ya mirija. Imeviringwa, au ni matundu yaliyokatwa tu kwa msumeno? Pima kama vikalio vya injekta viko sawa vyote, kwa kuingiza injekta na oringi yake. Ikicheza, petroli itavuja au hewa itavuja, na moto chini ya boneti si mchezo.

Ukishainunua, ioshe. Kisha ioshe tena. Petroli, brashi, hewa ya kompresa, maji ya moto na sabuni. Chembe moja ya mshono uliodondoka ikiingia silinda inapigwa kati ya pistoni na hedi mara elfu kadhaa kwa dakika.

Kuna vitu gani ambavyo watu husahau mpaka siku ya kufunga?

Matundu madogo. Manifoldi ya kiwandani ina matundu ya busta ya breki, ya kidhibiti presha ya petroli, ya sensa ya presha, ya valvu ya sailensi, ya mvuke wa krankkesi (sehemu ya chini ya injini yenye oili), ya valvu inayotoa hewa unapoachia pedali. Manifoldi nyingi za kununua zina matatu au manne, na watu huanza kugawana mpira mmoja kwa matumizi matano.

Busta ya breki ipewe tundu lake peke yake, pana, na valvu yake ya njia moja ibaki mahali pake ikifanya kazi. Hili silijadili na mtu. Gari lenye nguvu zaidi na breki ngumu haliendi barabarani. Mpira wa mvuke wa krankkesi nao unahitaji valvu inayofunga wakati wa busti, vinginevyo turbo inasukuma presha kwenye oili na sili zinaanza kuvuja.

Nafasi nayo. Picha unayoitazama mtandaoni inaweza kuwa ya gari la usukani wa kushoto. Kwenye injini za JZ manifoldi ya kuingiza iko upande wa kushoto na turbo iko kulia. Gari la Marekani lina busta ya breki upande uleule wa manifoldi, letu lina busta upande wa turbo. Kinachobana kule hakibani huku, na kinyume chake. Msomaji wa Bujumbura au Goma mwenye usukani wa kushoto apime kwa gari lake. Angalia pia feni, boneti inapofungwa, na kama bado utafikia stata na filta ya oili bila kufungua nusu ya injini.

Lazima injini ituniwe upya baada ya kubadilisha?

Ndiyo, ila sababu inategemea gari. 1JZ-GTE ya kiwandani haipimi hewa moja kwa moja. Inasoma presha ndani ya manifoldi na kukadiria hewa kwa jedwali lililoandikwa kwa manifoldi ya zamani. Ukibadilisha mirija, presha ileile sasa inaweza kumaanisha hewa tofauti inayoingia silinda, na jedwali halijui. EJ20 nyingi zina sensa inayopima hewa inayopita kabla ya turbo, kwa hiyo zinastahimili mabadiliko vizuri zaidi, lakini zinaadhibu uvujaji. Hewa iliyopimwa ikitoka njiani wakati wa busti, petroli inazidi na moshi mweusi unatoka. Ikiingia isiyopimwa wakati wa sailensi, petroli inapungua na gari linatetemeka.

Muda wa kuwasha cheche nao uangaliwe upya. Silinda inayojaa vizuri zaidi huanza kugonga mapema zaidi.

Joto la Mombasa na mwinuko wa Nairobi vinabadilisha uchaguzi?

Vinabadilisha mengi kuliko watu wanavyodhani. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na presha ya hewa huko ni kama bar 0.82, wakati pwani ni 1.01. Ili geji isome bar 1 ya busti, turbo ya Mombasa inaizidisha hewa mara 2 hivi. Ya Nairobi lazima iizidishe mara 2.2. Ukitaka injini ya Nairobi ipate presha kamili (ya hewa ya nje na busti pamoja) ileile ya pwani, ni mara 2.4 na zaidi. Turbo inafanya kazi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Kwa hiyo Nairobi manifoldi ya mirija mifupi inakuumiza mara mbili: injini tayari ni nzito kuamka.

Pwani shida ni joto lenyewe. Hewa ya manifoldi ikipanda kutoka digrii 40 hadi 60, uzito wake kwa ujazo uleule unapungua kwa karibu asilimia 6. Kipande cha kuzuia joto kati ya hedi na manifoldi kinasaidia gari linapokaa kwenye foleni, lakini hakikisha unene wake hauongezi urefu kiasi cha kugusa boneti, na bolti ziwe ndefu vya kutosha.

Nitajaribuje kama haivuji?

Usiwashe gari kwanza. Ziba mdomo wa turbo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, na kwa Subaru kizibo kikae baada ya sensa ya hewa. Fungua kifuniko cha oili ili presha isijikusanye kwenye krankkesi. Jaza hewa ya kompresa polepole ukiwa na kidhibiti, kuanzia bar 0.3, ukipanda taratibu hadi busti unayoikusudia. Usisimame mbele ya kizibo. Pulizia maji ya sabuni kwenye flanji, vikalio vya injekta, mipira na klempu zote. Povu linasema ukweli.

Uvujaji mdogo kwenye manifoldi una madhara ambayo wenzetu wa lami tupu hawayajui sana: gari likiwa kwenye sailensi, manifoldi inavuta, na inachovuta ni vumbi jekundu lisilopita kwenye filta. Vumbi hilo linasaga ringi za pistoni.

Gari langu ni dizeli, Prado yenye 1KD. Nitafaidika?

Kwa umbo jipya la manifoldi, kidogo sana. Shida ya 1KD-FTV iliyozeeka ni masizi ya gesi ya eksozi inayorudishwa, yakichanganyika na mvuke wa oili, mpaka njia za hewa zinajaa uji mweusi mgumu. Ifungue, isafishe, badilisha gasketi. Utashangaa gari linavyovuta pumzi.

Throtoli moja kwa kila silinda, zile za magari ya mashindano?

Zinajibu pedali haraka kuliko kitu chochote. Pia zinahitaji kusawazishwa mara kwa mara, chemba kubwa iliyofungwa juu yake, na njia ya kukusanya vakyumu ya breki. Kwa gari la barabarani lenye turbo, siziwekei mteja.

Baada ya kufunga, nifanye nini wiki ya kwanza?

Kaza bolti kwa kipimo cha kitabu cha gari lako, ukianzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili au tatu. Injini ikishapata joto na kupoa mara mbili tatu, zikague tena ikiwa baridi. Weka busti ya chini kwa kilomita mia kadhaa. Sikiliza filimbi nyembamba unapokanyaga. Toa plagi mwishoni mwa wiki uzipange kwa namba juu ya meza, na ile ya mwisho iangalie kwa tochi.